Ti na Do Chumba Kimoja

Kuna muziki uliotungwa na watu wasiotaka kupigiwa makofi. Si kwamba wana kiburi. Ni kwamba ukijaribu kuwapigia, kofi lako linafika na kukuta wenyewe wameshahama. Muziki huo unaitwa math roki, na ulikomaa Marekani miaka ya 1990 katika miji ambayo mtalii hana shida nayo: Slint walitoka Louisville, Kentucky, wakaacha albamu ya Spiderland mwaka 1991, na Don Caballero walitoka Pittsburgh. Mapigo yao huhesabiwa kwa tano, kwa saba, kwa kumi na moja, ilimradi askari wa gwaride asiweze kutembea nayo.

Ndugu yake ni emo, aliyezaliwa Washington katikati ya miaka ya 1980, pale vijana wa panki walipochoka kuipigia kelele serikali wakaamua kuipigia kelele mioyo yao. Ndugu hawa wawili walikutana vizuri kuliko popote huko Illinois, kwenye bendi ya wanafunzi wa chuo kikuu iliyoitwa American Football. Walitoa albamu mwaka 1999, wakamaliza chuo, kila mtu akashika njia yake. Watu wakaanza kulia baada ya bendi kufa, na waliendelea kulia mpaka ikabidi ifufuke mwaka 2014.

Mimi napiga gitaa kwenye kwaya, Tabata. Skeli nilifundishwa na mwalimu wa kwaya kwa njia ya kiungwana: unapanda do re mi mpaka juu, unashuka mpaka chini, ukifika chini unapanda tena. Naweza kukupigia skeli ya G huku nasoma matangazo ya Jumapili. Shida ilikuja nilipoanza kutunga. Kila nilichotunga kilipanda na kushuka, na noti iliyokuwa inafuata ilijulikana kabla sijaipiga. Aliyeijua kuliko wote ni mama muuza vitumbua wa chumba cha pili. Nyumba yetu ya kupanga kuta hazikufika juu kabisa, kwa hiyo mimi nikianza solo yeye anaimalizia kwa mdomo, huku anakoroga unga. Jirani akifikia hatua ya kukumalizia solo, huna budi kutafuta muziki mwingine.

Siri ya American Football, au mojawapo, ni namna wanavyotuni. Gitaa la kawaida, kuanzia uzi mnene, ni E, A, D, G, B, E. Wao kwenye nyimbo kadhaa wanaweka F, A, C, G, C, E. Uzi wa sita unapanda nusu hatua, wa nne unashuka hatua nzima, wa pili unapanda nusu. Ukizipiga zote bila kukandamiza chochote unapata F yenye saba kuu na tisa ndani yake. Hujafanya kazi yoyote na tayari umeshahuzunika.

Mimi sikufika huko haraka. Nilipoupandisha uzi wa pili kwenda C, ukakatika. Ulikuwa na kutu ya tangu Pasaka, na ilikuwa ile wiki ya mwezi ambayo hata vocha unanunua kwa kufikiria. Basi nikabaki na nyuzi tano nikisubiri mshahara, na hapo ndipo skeli ilipokataa kupanda ngazi. Kutoka uzi wa tatu, uzi uliokuwa karibu ulikuwa wa kwanza: unatoka G unatua E, umeruka A, B, C na D bila kuzisalimia. Sikio langu la kwaya lilishtuka, halafu likataka tena. Skeli ni ileile, noti ni zilezile saba. Kilichoondoka ni ile ruhusa ya kuzipita zote kwa mpangilio. Chumba cha pili kikawa kimya. Mama wa vitumbua alikuwa ameshindwa kumalizia.

Mshahara ulipoingia nilikwenda Kariakoo kununua uzi. Muuzaji akaniuliza napiga Injili au bongofleva, maana anauza kwa kuangalia mtu. Nikamwambia napiga muziki wa vijana wa Marekani walioachwa na wachumba. Akanipa uzi mnene kidogo, akasema huo unavumilia.

Uzi huo ndio ulioniletea mambo. Tuni hivyo nilivyosema, kisha kandamiza uzi wa tatu kwenye freti ya nne. Hiyo ni B. Iache ilie, usiiguse. Sasa piga uzi wa pili ukiwa wazi: hiyo ni C. Malizia na wa kwanza, E. Kwenye skeli ya C tuliyolelewa nayo, ti anatoka ndipo do anaingia, hawakutani hata mlangoni. Hapa wamepanga chumba kimoja na wote wanaongea kwa wakati mmoja. Kwa emo huo ndio utamu wenyewe, noti mbili za jirani zikiachwa zikwaruzane mpaka zichoke zenyewe, na gitaa la kawaida halikupi hilo kirahisi, kwa sababu ukipiga skeli kwa kupanda uzi mmoja, kila noti inaiua iliyotangulia.

"Mwanangu," sauti ikapita juu ya ukuta, "hapo umekosea."

"Sijakosea, mama. Ndivyo unavyopigwa."

"Basi aliyekufundisha ndiye aliyekosea. Mwambie."

Kuna jambo lingine nililolipenda zaidi, na hili nitalisema haraka maana najua wasomaji wengine hawapigi gitaa. Nyuzi zote hizo sita zikiwa wazi zinaingia kwenye skeli ya F, na zinaingia pia kwenye skeli ya C. Tofauti ya skeli hizo mbili ni noti moja tu: B-flati au B. Ukichagua B-flati unabaki kanisani, kila kitu kinarudi nyumbani salama. Ukichagua B, F yako inainua kichwa na kuangalia mbali, hairudi wala haiondoki. Kidole kimoja kinasogea freti moja, na wimbo wa shukrani unakuwa wimbo wa mtu aliyesimama stendi baada ya basi kuondoka. Nimekaa jioni nzima nikisogeza kidole hicho mbele na nyuma. Mama mwenye chumba cha pili aliniuliza kama nina tatizo la kuongea nalo.

Kuhesabu saba kulileta matatizo ya kijamii. Njia niliyotumia ni kuivunja: moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu, rudi. Ukishaizoea, unaweza kuweka gitaa kwenye saba na mguu kwenye nne, vinaachana, vinazunguka kila kimoja kivyake na kukutana tena baada ya mapigo ishirini na nane. Nilifanya mazoezi hayo uwanjani, karibu na watoto waliokuwa wanaruka kamba. Mtoto mmoja mdogo, wa darasa la kwanza, alianza kuruka kwa kufuata gitaa langu. Alianguka sana, kisha siku moja hakuanguka. Tangu hapo hawezi kuruka na wenzake. Yeye anaruka kwa saba, wao wanazungusha kwa nne, na kila baada ya muda wanapatana kidogo halafu ugomvi unaanza upya. Mama yake alikuja kwangu na kamba mkononi.

Halafu kuna ule ufundi wa kugonga freti kwa vidole vya mkono wa kulia, huku wa kushoto nao unagonga vyake. Kwenye gitaa la umeme lenye amplifaya inapendeza, noti zinadondoka pande zote mbili za shingo na unaweza kuruka mbali kwenye skeli bila kuhama. Umeme ulipokatika nikaendelea kwenye gitaa kavu, na kwenye gitaa kavu sauti ya noti inafifia, kinachobaki ni ko, ko-ko, ko.

"Karibu!" akajibu mama wa vitumbua.

Ko-ko, ko.

"Nimesema karibu, ingia, mlango haujafungwa!"

Aliposikia bado linagongwa alitoka na tochi na mwiko. Hakukuta mtu. Chumba cha tatu nao wakasema wamesikia hodi. Usiku ule nyumba nzima ililala taa zikiwaka, umeme uliporudi, na mimi sikuona sababu ya kuchangia mazungumzo yale.

Mtu pekee aliyeusikiliza muziki huu kwa makini ni mzee wa chumba cha mwisho, ambaye enzi zake alipiga rhythm kwenye bendi za dansi. Nilimwekea albamu ya American Football kwenye spika ndogo. Alikaa, akainamisha kichwa, akasikiliza magitaa mawili yanavyopishana na kushonana. Jambo hilo si geni kwake. Watu wa dansi wameshona magitaa tangu zamani, na Wakongo wana hadi gitaa la mi-solo linalokaa katikati ya solo na rhythm.

"Huyu anapiga second solo," akasema.

"Naam, mzee."

"Na huyu naye anapiga second solo. Solo yuko wapi? Amekwenda kula?"

Nikamwambia hakuna solo. Akasikitika, lakini kwa heshima, kama anavyostahili mtu wa fani. Wimbo ukasonga. Nikamwona anavuta kiti mbele, mabega yanajiandaa, na nikajua anasubiri chemko. Kwa mtu wa dansi wimbo una sehemu ya kueleza shida na sehemu ya kuchemka, na shida hizi zilikuwa zimeshaelezwa vya kutosha. Wimbo ukaisha.

"Ndio basi?"

"Ndio basi, mzee."

"Wamekatiwa umeme?"

Nilimwokoa kwa ule wimbo wao wenye tarumbeta. Akanyoosha mgongo. Hapo sasa, akasema, wamekuja watu wazima. Nikamweleza kwamba anayepuliza ni Steve Lamos, na ndiye huyohuyo mpiga drums wao. Akaniangalia kwa muda. "Drums anamwachia nani?" Nikasema walirekodi kwa zamu, bendi yenyewe wakati ule ilikuwa ya watu watatu. Akasema bendi ya watu watatu si bendi, ni kamati. Siku nyingine nikamletea TTNG, wa Oxford, Uingereza, ambao albamu yao ya mwaka 2008 inaitwa Animals na kila wimbo umepewa jina la mnyama. Nilidhani wa nyani utamgusa. Aliuliza kama vijana hao wamewahi kufika Mikumi, na nilipokiri kwamba sijui akasema inasikika hawajafika.

Kanisani mambo yalikuwa mabaya zaidi, ingawa mimi sikuwapo. Gitaa la kwaya liliharibika karibu na harusi. Kijana tunayepokezana naye akatuma bodaboda kuja kuchukua langu nikiwa kazini, na mama wa vitumbua akalitoa kwa moyo mweupe, pengine mweupe kuliko kawaida. Hakuna aliyejaribu nyuzi. Bibi harusi akafika mlangoni, kwaya ikasimama, kijana akashika G, vidole palepale alipovizoea tangu Kipaimara, akapiga zote sita kwa nguvu za Bwana.

Kwenye F, A, C, G, C, E, vidole vya G vinatoa, kuanzia chini: A-flati, B, C, G, C, G. G yenyewe imo, tena mara mbili, lakini imezingirwa. Sauti ya kwanza wakachukua G ya juu, besi wakachukua A-flati ya chini, na kwa mara ya kwanza usharika wetu ukaimba kitu ambacho vijana wa Illinois wangelipa kiingilio kukisikiliza. Bibi harusi alisimama akidhani bado hajaitwa. Mama mkwe alipiga vigelegele kuziba pengo, drums zikaingia, wakavuka.

Mwenyekiti wa kwaya aliamua gitaa liombewe. Liliombewa Jumatano baada ya mazoezi, na wazee wawili wa kanisa. Kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuligusa tena, lilirudi nyumbani likiwa bado F, A, C, G, C, E, na limebarikiwa.

Habari hizo ndizo zilizomleta baba mwenye nyumba. Alikuja kunipa onyo la mwisho kuhusu kelele, akakuta jalada la ile albamu limefunguka kwenye simu yangu: nyumba ya kawaida, imepigwa picha kutokea chini usiku, dirisha la juu lina taa.

"Hii nyumba ya nani?"

Nikamweleza. Ipo Urbana, Illinois, wanafunzi walikuwa wanaishi humo. Wapenzi wa bendi wakaanza kusafiri kutoka mbali kwenda kupiga picha mbele yake, wamesimama barabarani wanaangalia dirisha. Na mwaka 2023 bendi yenyewe, pamoja na Polyvinyl, kampuni iliyotoa albamu, na washirika wengine, wakainunua.

"Wakainunua?"

"Wakainunua, baba."

"Kwa muziki huu huu ninaousikia hapa?"

"Huu huu."

Hakutoa onyo. Alitoka uani, akarudi nyuma mpaka ukutani, akaiangalia nyumba yake kutokea chini. Wiki ile geti lilipakwa rangi. Tawi la mpera lililokuwa linaziba upande wa mbele likakatwa. Fundi wa kuchomelea wa jirani akaambiwa jioni apunguze kelele, kuna mtu anafanya mazoezi. Kisha akapita na karatasi chumba kwa chumba: kodi imepanda, maana hii sasa ni nyumba ya albamu.

Ya mama wa vitumbua imepanda pia. Kila asubuhi ananiuliza juu ya ukuta kiitikio kinaanza lini.