Mwongozo wa Kazi kwa Seli Mpya ya Neva, Tawi la Kichiwa

Umepangiwa kichwa cha mkulima wa viazi, Kichiwa, mkoani Njombe. Ajira ni ya maisha, likizo hakuna, na mwenye kichwa hajui kama upo. Mengine utayazoea, ila hili la kumwaga na kufagia lisome leo, maana wenzako wengi wanadhani kazi ya neva ni kupiga kelele tu.

Kelele ni rahisi. Jaza glutameti, kemikali ya kushtua, kwenye vifuko vyako, molekuli elfu kadhaa kila kimoja, ngoja umeme ufike, kisha mwaga kwenye sinapsi, ule upenyo kati yako na jirani. Jirani atashtuka, habari itasonga: jembe limegonga jiwe. Ukitaka sifa ya uchapakazi, mwaga tena kabla ile ya kwanza haijaondoka. Halafu tena. Kalsiamu itamfurika jirani mpaka afe, na hapo hutakuwa na mpinzani.

Kama huna haraka ya msiba, kajifunze kwa mama muuza ulanzi, pombe ya mianzi. Wateja husifia anavyomimina. Mimi humtazama mkono wa pili. Kikombe cha plastiki kikigusa benchi tu, kimeshachukuliwa, kimesuuzwa kwenye ndoo, kimerudi mezani. Siku moja aliumwa, binti yake akashika zamu. Alimimina vizuri kuliko mama. Lakini vikombe vilizagaa chini ya mabenchi, watu wakaanza kunywea kopo la kuchotea maji, na jua halijazama wawili walikuwa wameshikana mashati.

Kichwani mwako mama huyo anaitwa astrosaiti, seli yenye umbo la nyota. Hapigi kelele, kwa hiyo hatajwi kwenye hotuba. Glutameti nyingi unayomwaga anaivuta yeye, na huivuta kwa gharama: kila molekuli huingia ikisindikizwa na ioni tatu za sodiamu na protoni moja, huku ioni moja ya potasiamu ikitoka. Sodiamu hiyo lazima isukumwe tena nje, na pampu hazisukumi kwa maneno matupu. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mkulima, lakini unamla takriban asilimia 20 ya nishati hata akiwa amejilaza. Damu ikikatika, kama kwenye kiharusi, pampu husimama na milango hugeuka: glutameti iliyokwisha kufagiwa hutapikwa nje. Usiombe uwe zamu siku hiyo.

Sasa sehemu ya kukupunguza majivuno. Huwezi kujitengenezea akiba mpya ya glutameti kwa sukari peke yake, maana kimeng'enya cha kuanzia anacho astrosaiti, si wewe. Yeye huchukua glukosi iliyotoka kwenye ugali na kuanza kazi. Glutameti aliyoifagia huibandika amonia, ikawa glutamini, kitu kipole kisichoshtua mtu, ndipo anakurudishia. Wewe unabandua amonia na kutamba kwamba umezalisha. Hans Krebs, aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1933, alionyesha miaka miwili baadaye akiwa Uingereza kwamba tishu za ubongo huigeuza glutameti kuwa glutamini. Mpaka leo wewe bado unajiona fundi.

Usimshauri mkulima ale nyanya na njegere kwa wingi ili akuongezee glutameti. Ukuta kati ya damu na ubongo hauipitishi kirahisi, na utumbo wenyewe huunguza sehemu kubwa njiani.

Ukichoka kelele, omba uhamisho kwenda kitengo cha gaba. Ni glutameti ileile iliyonyang'anywa kaboni dioksaidi, nayo inanyamazisha badala ya kushtua. Eugene Roberts na wenzake waliikuta kwenye ubongo mwaka 1950. Kuitengeneza kunahitaji vitamini B6, na hapo Kichiwa umebahatika, kwani viazi mviringo vina B6 ya kutosha. Ila mwenye kichwa akianza dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi, B6 hupungua. Ndiyo maana nesi humwongezea vidonge vya B6, na ndiyo maana anayemeza isoniazidi kupita kiasi anaweza kupata degedege. Mkulima huvitupa vidonge hivyo uani, anasema ni vya wajawazito.

Gaba nayo ifagiwe. Kitengo hiki walau hujitegemea: seli iliyoimwaga huirudisha yenyewe kwa wingi, na inayobaki husagwa na kimeng'enya mpaka iingie kwenye tanuri la mitokondria kama kuni. Ipo dawa ya kifafa, vigabatrini, inayokifunga kimeng'enya hicho ili gaba ibaki nyingi. Kanisani watamwambia mgonjwa ni pepo. Wewe nyamaza, huna mdomo.

Kuhusu ulanzi, pombe huipa gaba nguvu na kuziba sikio la glutameti, nawe utapoza kazi. Ukizoea hivyo mvua nzima, utaongeza masikio ya glutameti ili usikie. Halafu msimu unakwisha, mianzi inakauka, mkulima anaacha ghafla, na masikio yote yale bado yamesimama wazi. Mikono inatetemeka, pengine na degedege linafuata. Wataalamu wa benchi wanasema ni baridi ya Juni.

Basi. Mkulima amesogeza kikombe, anaomba kingine. Shika nafasi yako, na usimzuie mama anayepita na ndoo.