Maswali ya Mwinukoni

Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, mali iligawanywa kama inavyogawanywa kwenye mirathi yoyote ile: mkubwa alichagua kwanza. Mbeya ikabaki na Mlima Rungwe, Loleza na Ziwa Ngozi. Sisi tukaachiwa foleni ya malori ya Tunduma na Kimondo cha Mbozi, pande la chuma la zaidi ya tani 10 lililojidondokea lenyewe kutoka angani, na naamini tumeachiwa hilo kwa kuwa hakukuwa na wa kulibeba. Watu wa Ileje msinipigie simu. Najua mna milima, tena ya kutisha, lakini milima yenu mtu anaipanda akienda msibani. Mimi nazungumzia mlima wa kulipia kiingilio.

Habari za kulipia ili uchoke zilituingia hapa mpakani taratibu. Ilitoka ile filamu ya Royal Tour mwaka 2022, kila mtu akawa na kauli yake kuhusu utalii wa ndani, na mwishowe kundi letu la WhatsApp la mawakala wa forodha, ambalo kazi yake ilikuwa kulalamikia mtandao wa malipo na kuchangia harusi, likaamua kupanda Rungwe. Fulana zikachangiwa. Majina yakaandikwa. Siku zilipokaribia, dharura zikaanza kumiminika: mmoja lori lake la shaba kutoka Kongo limekwama kwa karatasi moja, mwingine goti, mwingine shemeji. Mweka hazina aliugua tumbo, na hela za fulana zikaugua naye.

Nilikuwa nalieleza hilo nyumbani kwa furaha ya mtu aliyeokoka, Baba akapunguza sauti ya redio.

"Huo mlima una nini?"

"Una kilele tu, Baba."

"Twende."

Baba yangu ni mtu wa TAZARA. Aliingia akiwa kijana ndevu hazijatoka, reli ikijengwa na Wachina miaka ya 1970 hadi 1975, kisha akabaki kwenye gengi la njia mpaka alipostaafu. Kwake yeye duniani kuna aina mbili za watu: waliojenga reli, na waliokuja baadaye kuikuta. Kuhusu milima, msimamo wake unajulikana mtaa mzima. Kati ya Mlimba na Makambako wao walikutana na milima mpaka wakachoka kuihesabu, na hawakuupanda hata mmoja. Waliitoboa.

"Kilomita 1,860, Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi," hupenda kusema. "Umewahi kusikia treni imefika kileleni?"

Ndiyo maana nilishangaa alivyokubali upesi. Nilipaswa kuchunguza sababu, lakini mtoto hamchunguzi baba yake, hata mtoto huyo akiwa na mvi kidevuni na mhuri wake wa ofisi.

Safari ya barabarani sitaichelewesha. Kosta ilijaza Tunduma, ikajaza tena Vwawa, na Mlowo ikagundua kwamba bado ina nafasi. Mlima Iwambi tulipanda nyuma ya lori lililokuwa linaomba dua. Tulipofika Uyole, Baba aliwageukia abiria wote na kuwatangazia kwamba hapo ndipo reli ya TAZARA inapofika juu kuliko mahali pengine popote, mita 1,789 kutoka usawa wa bahari. "Kuzidi hapo," akasema, "ni kiburi." Rungwe unafika karibu mita 2,960. Nilipiga hesabu ya kiburi nilichokuwa nakwenda kukipanda, nikapata zaidi ya mita 1,100, nikafunga kikokotoo.

Kituo chetu cha kuanzia kilikuwa Isongole, kando ya barabara ya Tukuyu. Mama alipoambiwa Isongole aliagiza vitenge, kwa kuwa Isongole anayoijua yeye ni ile ya Ileje, mpakani na Malawi. Kumweleza kwamba tunakwenda Isongole nyingine, ambako hakuna vitenge ila miti na tope, kulituchukua salio lote la simu. "Sasa mnafuata nini?" aliuliza, na hilo lilikuwa swali la mwisho la haki nililosikia katika safari ile.

Kwenye njia Baba alikuja na gambuti, mwavuli, na kifuko cha plastiki chenye viazi vya kuchemsha. Mimi nilikuwa na viatu maalumu nilivyovinunua upande wa Nakonde, ambavyo muuzaji aliniapia kwamba havipitishi maji. Hakusema uongo. Yaliyoingia kwa juu hayakupata pa kutokea.

Njia ya Rungwe haina adabu. Reli ikikutana na mwinuko huzunguka, inatafuta ubavu, inapanda kidogokidogo mpaka abiria hajui kama amepanda. Njia hii inakwenda moja kwa moja juu, kwenye mizizi na tope jeusi, maana upande wa kusini mashariki wa mlima huu ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote Tanzania. "Aliyepitisha njia hii," Baba alisema, "hakuwa na kipimo." Akaendelea kupanda. Nikamtazama miguu. Mtu aliyetembea juu ya mataruma ya zege maisha yake yote, hatua yake imeshakatwa na mataruma. Fupi, sawasawa, haiongezeki wala haipungui. Kwenye mizizi hatua ileile, kwenye tope hatua ileile, gambuti linazama, linatoka na mlio, linazama. Haharakishi hata kidogo, na humfikii.

Tulipoingia ndani ya msitu, mtandao ukakatika. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikubali upesi.

Mjue kwamba Tunduma mimi siko peke yangu. Simu yangu inalia kutwa, na isipolia, mtandao wa ng'ambo unaikamata na kunikaribisha Zambia nikiwa nimeketi chooni kwangu. Baba akianza, "Kuna jambo nataka tuzungumze," mimi hunyanyua simu, "Samahani Baba, ni mteja," natoka nje nazungumza na mtu ambaye hayupo. Miaka imepita hivyo, kwa heshima zote. Sasa nilikuwa kwenye kijia cha upana wa mtu mmoja, simu imekufa, mbele yangu mgongo wa Baba, nyuma yangu kijana mwongozaji anayesikia kila kitu.

Hakuanza kwenye tambarare. Kwenye tambarare alizungumzia miti. Alingoja mpaka tulipofika mahali ambapo unapanda kwa mikono na magoti, pumzi zangu zinatoka vipandevipande, ndipo akauliza bila kugeuka:

"Ile nyumba ya Mpemba, umeshafunga lenta?"

Jibu nilikuwa nalo. Ni jibu refu na zuri, lina bei ya nondo ndani yake, lina ada ya shule, lina fundi aliyekimbilia Kasumbalesa na hela ya kokoto. Jibu hilo linahitaji pumzi. Mimi nilikuwa na pumzi ya neno moja.

"Ba..."

"Aha," akasema. "Hujafunga."

Tukafika tambarare, akaanza kusifia mianzi. Nikapumua, nikajiandaa, nikasema, "Baba, kuhusu ile lenta..." Akanijibu, "Hilo limekwisha," na mwinuko mwingine ukaanza.

"Na mdogo wako, ile hela ya pikipiki alikurudishia au ulimsamehe bila kutuambia?"

"Ali..."

"Ulimsamehe."

Nilitafuta mapumziko. Nikagundua kwamba mlimani kuna sheria ambayo haijaandikwa kwenye bango la wakala wa misitu. Baba akisimama, tunapumzika, na viazi vinatoka. Mimi nikisimama, ni uvivu, na jambo hilo analijadili na mwongozaji. "Huyu anakaa sana kwenye kiti cha kuzunguka," alimwambia. Kijana akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu. Kila tuliyekutana naye njiani, mama aliyejitwika kuni, wazee waliotoka shambani, Baba alimsimamisha. "Ugonile," akishamaliza hiyo anahamia Kiswahili, anataja ukoo, anatafuta kama wana ndugu Mbozi, kisha ananionyesha kwa mwavuli: "Huyu ni kijana wangu, ana kiwanja Mpemba." Na wao wote, bila hata mmoja kukosea, waliuliza kama nimejenga.

Mwongozaji aliwahi kunihurumia mara moja. Alitusimulia habari za kipunji, nyani wa misitu hii, ambaye wanasayansi walimwona kwa mara ya kwanza mwaka 2003 na kumtangaza mwaka 2005, na baadaye wakaona hafanani na jamaa zake kiasi cha kumpa jenasi yake mwenyewe. Baba alisikiliza kwa makini.

"Na wawindaji wa Kinyakyusa kabla ya hapo walikuwa wanamwona nani?"

"Walikuwa wanamwona kipunji, Mzee. Jina ni lao."

"Basi wanasayansi waliambiwa." Akanigeukia. "Umeona? Anakaa huku juu, hana simu, na bado mambo yake yanajulikana."

Sikumjibu. Tulikuwa mwinukoni.

Mianzi ikaisha, tukatokea kwenye vichaka na nyasi, upepo ukaanza kutafuta mifupa. Kilele tulikijua kwa sababu mwongozaji alisema ndicho. Siku ikiwa safi, wanasema, utaona Ziwa Nyasa kule chini. Sisi tuliona ukungu. Nilimwona Baba, nusu yake. Alifungua mwavuli, akakaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Ukungu si upo hata Vwawa?" Akanipa kiazi kikubwa kuliko chake. Nilikila nikijua kwamba kina masharti.

Kushuka ndiko kulikonipa matumaini. Magoti ya Baba hayapendi kushuka; gengi lilimalizia hapo. Nami nilikuwa na swali langu, limekaa kifuani tangu mwaka alipostaafu. Nikangoja mteremko uliosimama kabisa, ameshika mti kwa mikono yote miwili, gambuti linateleza, nikauliza kwa sauti ya upole:

"Baba, lile shamba la kahawa la Mlowo, karatasi zake ziko wapi?"

Akaketi. Palepale, kwenye mzizi, katikati ya njia. Akatoa leso, akafuta uso, akakunja leso.

"Tupumzike," akasema.

Tukapumzika mpaka mwongozaji akalala usingizi. Nikauliza tena kwenye mteremko uliofuata, tukapumzika tena. Sheria ni ileile, niliwaambia. Wanaoshuka Rungwe siku hiyo walitupita wote, wakitoa pole kwa mzee na kunitazama mimi vibaya, kana kwamba ni mimi niliyemlazimisha kuja.

Karibu na mashamba ya viazi mtandao ukarudi. Simu yangu ikaanza kutetemeka kwa ujumbe wa wateja, na katika furaha ya kuitoa mfukoni sikuona kwamba ya Baba imeshafika sikioni.

"Mama Atu, tumeshuka salama. Ndiyo. Ndiyo. Lenta hajafunga, kasema mwenyewe. Pikipiki kasamehe. Sikumlazimisha, kajibu yote kwa hiari yake."

Akasikiliza kwa muda mrefu, akicheka kidogo kwa puani. Kisha akanipa simu.

"Mwanangu," Mama akasema, "pole na mlima. Baba yako anasema hapo jirani kuna Ziwa Ngozi, nalo lina kupanda. Nami nina mambo yangu mawili matatu. Unapumzika lini kazini?"