Wasiojua Kompyuta Wasiruhusiwe Kuuliza

Mheshimiwa mgeni rasmi, mabibi na mabwana, nanyi mliofuata soda: hongereni kwa kupata fursa ya kunisikiliza mimi, bingwa nisiye na mpinzani, kwa kuwa midahalo huwa sihudhurii. Nasema vyuo vikuu vya Uingereza vifute mara moja shahada za uzamili za mifumo ya taarifa za biashara zinazopokea wahitimu wa historia, fasihi na sheria wasiojua kompyuta. Kwa mwaka mmoja hufundishwa hifadhidata, uchambuzi wa mifumo na usimamizi wa miradi, wakaandika tasnifu, kisha wakaachiwa waingie maofisini. Kutojua kwao tungekuvumilia. Tatizo lao wanauliza maswali.

Ushahidi ninao. Kompyuta ya LEO, iliyoanza kazi za kawaida za ofisi mwaka 1951, ilijengwa na J. Lyons, wauza chai na keki wa London, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kukokotoa thamani ya bidhaa za tanuri. Aliyeongoza uchambuzi wa kazi za kupewa mashine, David Caminer, hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alichokijua ni namna ofisi inavyokwenda. Fedheha iliyoje! Mtu aelewe kazi kwanza, ndipo aitume mashine?

Sasa tazameni raha ya utaalamu usioulizwa. Kuanzia mwaka 1999 mfumo wa kompyuta wa Horizon, wa hesabu za posta ya Uingereza, ulionyesha mapengo ya fedha ambazo hazikuibwa na mtu. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa jela, kwa sababu kompyuta imesema. Mhitimu wa historia angetuharibia shughuli hiyo, maana amezoea kuuliza kila waraka umetoka wapi na nani aliweza kuubadilisha. Angegundua mapema kwamba wahandisi waliweza kuzifikia hesabu za matawi wakiwa mbali, jambo lililothibitishwa mahakamani mwaka 2019. Miaka 20 ya heshima yetu ingepotea kwa swali moja!

Wapo watakaopinga wakisema kwamba mwaka mmoja haumtoshi mtu kuwa mhandisi. Kweli hautoshi, wala kozi hizo haziahidi hivyo. Zinamwandaa mtu wa kusimama kati ya mhasibu na mwandika programu, awafanye waelewane. Wakielewana, nani atanihitaji mimi? Wengine watashauri wahandisi wenyewe wafunzwe kudadisi biashara kabla ya kuandika programu. Hao ni wabaya zaidi, kwani wanataka ugonjwa huu uenee hadi kwetu.

Kwa hiyo napendekeza elimu ya kompyuta ibaki kwa waliozaliwa wakiijua, kama mimi. Mwenye swali anyooshe mkono juu kabisa, ili mlinzi amwone vizuri.