Mlango, Soksi na Kitenzi Kimoja cha Kiingereza

Kitenzi cha Kiingereza "remember", ambacho kamusi nyingi hukifasiri kwa neno moja tu, "kumbuka", kilitoka katika Kilatini "rememorari", kikapitia Kifaransa cha kale, kisha kikaingia Kiingereza katika karne ya 14, wala hakina undugu na "member" yenye maana ya kiungo cha mwili, ingawa sura yake huwafanya wengi wadhani kwamba kukumbuka ni kuunga upya viungo vilivyotawanyika. Zama za Shakespeare kitenzi hicho kilibeba pia maana ya kumkumbusha mtu, kazi ambayo Kiswahili hukiachia kiambishi cha kauli ya kutendesha, yaani umbo linaloonyesha kwamba mtu anamfanya mwingine atende, na ambayo Kiingereza cha leo kimekipa kitenzi kingine kabisa, "remind". Hivyo mwanafunzi anayemwomba mwenzake "remember me tomorrow" amechelewa kwa miaka mia nne tu.

Ugumu wenyewe umo mkiani. Kitenzi hiki kikifuatwa na "to", kinahusu jambo ambalo mtu anadaiwa kulitenda; kikifuatwa na kitenzi chenye kiishio "-ing", kinahusu jambo lililokwisha kutendwa, likabaki picha akilini. Aliye-"remember to lock" mlango ameufunga, basi. Anaye-"remember locking" anadai tu kwamba anajiona akiufunga, na yeyote aliyewahi kushuka kwenye daladala kituo cha tatu, akarudi nyumbani mbio huku jasho likimtoka, akakuta mlango umefungwa na jiko limezimwa, anajua kwamba picha hiyo ingeweza kuwa ya jana, kwa kuwa mkono unaozungusha ufunguo uleule kila asubuhi hauandiki tarehe. Kiswahili huyatenganisha mambo hayo kwa njeo, yaani viambishi vya wakati: "nimekumbuka kufunga", "nakumbuka nilifunga"; mwenye mlango, hata hivyo, hurudi vilevile.

Wanaoumia zaidi ni wanaosafiri na "kumbuka" ya nyumbani, ambayo Waswahili huitumia pia kwa hamu ya kumwona mtu. Mgeni mmoja wa kutoka Mombasa, aliyemwandikia mwenyeji wake wa Uingereza "I remember you very much" wiki mbili baada ya kuagana, alijibiwa kwa adabu kwamba mwenyeji naye anamkumbuka vizuri, kwani ndiye aliyeacha soksi bafuni. Barua hiyo ilipoishia na "remember me to your mother", ambayo ni salamu tu za kumfikishia mama, mgeni alimuuliza mamake alionana wapi na mzungu huyo, na mama akakana kwa kiapo.

Penye pesa lugha hizi mbili hupatana. Mwingereza aliyekumbukwa katika wosia ameachiwa kitu, na mlinzi wa getini anayemwambia mwenye gari "unikumbuke na mimi, bosi" hazungumzii akili hata kidogo. Jibu la "nakukumbuka, mzee", likitolewa bila mkono kuingia mfukoni, kwake huhesabiwa kuwa kosa la sarufi.