Tumehamia Kwetu

Mtu akiniambia "tumehamia kwetu", mimi humuuliza kwanza: milango mmetia? Akianza kuchekacheka na kutazama pembeni, hongera yangu naiweka mfukoni, nampa pole.

Pagale nalijua, nimekulia ndani yake. Mwaka 1988 tulikuwa tumepanga vyumba viwili Magomeni Mapipa, katika nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba huku na huku, choo uani. Watoto tisa, wazazi, bibi, na binamu aliyeletwa mjini kung'olewa jino akasahau kurudi kijijini. Tulibanana, sikatai, lakini bomba lilikuwa pale uani, taa ziliwaka, na chapati zilitufuata dirishani. Kisha mwenye nyumba akataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Jioni ile baba alisimama koridoni akatangaza kwamba nyumba ya Kimara imekwisha.

Kumbe kwa fundi wake, nyumba ikishapigwa bati imekwisha. Milango, madirisha, lipu, sakafu, hayo yote ni mapambo.

Tulihamia kwa lori la mchanga, na mchanga wenyewe haukuwa umefagiliwa. Bibi alikaa mbele na dereva, redio mapajani. Sisi tulipakiwa mwisho, juu ya vitanda vya besela na magodoro ya sufi, kila mmoja na kitu chake cha kushika. Mama alipohakiki mzigo alianza na sufuria, akaja kwenye madumu, ndipo akatukumbuka sisi. Mimi nilikabidhiwa jogoo na kioo cha kabati. Jaribu kuvishika vyote viwili lori likipanda kilima cha kutoka Ubungo, huku jogoo amejiona kiooni na ameamua kupigana.

Usiku ule khanga za mama ndizo zilikuwa milango. Mlango wa chumba cha wavulana uliandikwa kijembe alichomnunulia jirani mmoja wa Magomeni. Jirani tulimwacha, kijembe tukahama nacho, na kwa miaka mingi kilitusema sisi kila tulipokwenda kulala.

Lakini donda langu ni maji. Matenki makubwa ya maji ya jiji yako Kimara. Maji yanasukumwa kutoka Ruvu Juu, Mlandizi, yanapanda mpaka kwenye matenki hayo, halafu yanateremka mjini. Yanateremka! Sisi tuliokaa nayo jirani tulinunua kwa dumu kwenye mkokoteni, na mkokoteni usipotokea, mtu mmoja mwenye shingo changa alitumwa kisimani bondeni. Shingo yenyewe ndiyo hii, fupi kama mnavyoiona. Binamu wa jino alikuwa bado anauguza.

Ukilalamika, baba alikuwa na jibu moja tu: "Hapa hatudaiwi kodi." Mvua ikiingia dirishani, hatudaiwi kodi. Chura akikutwa kwenye ndoo ya unga, hatudaiwi kodi. Nadhani hata chura alilisikia hilo, maana hakuondoka.

Na msidhani nyumba nzima haikuwa na mlango. Ulikuwepo mmoja, wa mninga, wenye kitasa na ufunguo. Ulikuwa wa sebule. Sisi tulilala mzungu wa nne nyuma ya khanga, makochi yakalala yenyewe kwa kufuli, yamevalishwa vitambaa vya mama, yakingoja wageni.

Mgeni akaja. Baba mkubwa alishuka kutoka Muheza na begi moja, kuja kuiona nyumba ya mdogo wake. Akafunguliwa sebule, akapewa ufunguo. Aliiona nyumba mpaka mimi nikamaliza darasa la saba. Siku ya kuondoka alimvuta baba kando, akamwambia kwa upole kwamba nyumba ni nzuri sana, ila ina watoto wengi.