Barua ya Wazi kwa Bodi ya Apple: Matarajio Madogo kwa Kompyuta Ndogo

Kwa: Bodi ya Wakurugenzi, Kampuni ya Apple, Cupertino, California, Marekani.

YAH: MATARAJIO YA WATUMIAJI KUHUSU TOLEO LIJALO LA MAC MINI

Bodi inaombwa ihusike na kichwa cha habari hapo juu. Watumiaji wa Mac mini, yaani ile kompyuta ndogo ya mezani inayouzwa bila skrini, bila kibodi na bila kipanya, wanangojea toleo jipya kama ilivyo desturi yao, na kwa kuwa wamekwisha kujifunza kwamba toleo lililo njiani laweza kukaa njiani kwa miaka, wameona ni busara kuwasilisha matarajio yao mapema, yakiwa yamepunguzwa, yakapimwa, kisha yakapunguzwa tena, ili Bodi isipate usumbufu wa kujitahidi kuyafikia.

Itakumbukwa kwamba kifaa hiki kilizinduliwa na Steve Jobs mjini San Francisco mwezi Januari 2005 kwa bei ya dola 499, kikiwa na diski ya gigabaiti 40 na kumbukumbu ya muda ya megabaiti 256. Kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita RAM, ndimo inamokaa kazi inayoendelea hadi kompyuta inapozimwa, na ikijaa, mashine hujikokota hata kama prosesa yake ni mpya. Mteja aliyetaka kuiongeza katika toleo lile la kwanza alilazimika kutafuta kisu bapa cha putti, kile kinachotumiwa na mafundi rangi, akakipenyeza kati ya gamba na kitako cha kompyuta na kukisukuma huku akisikia vishikizo vya plastiki vikialika kimoja kimoja. Zoezi hilo lilitisha, lakini liliwezekana, na hapo ndipo watumiaji walipopata dhana potofu kwamba kitu walichokilipia kilikuwa chao. Toleo la 2010 liliwadekeza zaidi, maana chini yake palikuwa na kifuniko cha duara kilichofunguka kwa kuzungushwa na vidole gumba viwili, na vipande vya kumbukumbu vikaonekana pale pale, vikingoja kubadilishwa na mtu yeyote asiye na haraka.

Bodi ilirekebisha kosa hilo Oktoba 2014. Katika toleo la mwaka huo kumbukumbu ililehemiwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu wa umeme, ule ambao mafundi huuita mazabodi, hivyo mnunuzi alitakiwa kuamua siku ya kwanza ni kiasi gani kingemtosha hadi siku ya mwisho ya kompyuta hiyo. Prosesa nazo zilipewa nafasi ya kupumzika. Toleo lililotangulia la 2012 lilikuwa limepatikana, kwa aliyeongeza fedha, na prosesa ya viini vinne, na kiini hapa ni sehemu ya prosesa inayoweza kutekeleza kazi yake bila kuzisubiri nyingine; toleo jipya likaja na viini viwili tu katika daraja zote. Matokeo yake ni kwamba kwa kazi zinazotumia viini vingi kwa pamoja, kama vile kuandaa video, kompyuta ya miaka miwili iliyopita iliishinda ile iliyotoka kiwandani. Historia ya teknolojia ina mifano mingi ya maendeleo yaliyochelewa, lakini maendeleo yaliyorudi nyuma na bado yakaitwa toleo jipya yanastahili kutajwa kwa heshima yake.

Kisha kukawa kimya. Kuanzia Oktoba 2014 hadi Oktoba 2018, miaka minne na siku kadhaa, kifaa hicho kiliendelea kuuzwa bila mabadiliko yoyote ya maana, huku simu za kampuni hiyo hiyo zikipata toleo jipya kila mwaka. Haitakuwa haki, hata hivyo, kusema kwamba uongozi ulinyamaza kabisa. Aprili 2017 Phil Schiller, aliyekuwa mkuu wa masoko, aliwaeleza waandishi wa habari kwamba Mac mini ni bidhaa muhimu, na Oktoba ya mwaka huo Mkurugenzi Mtendaji Tim Cook alimjibu mteja mmoja kwa barua pepe kwamba kifaa hicho kingekuwa sehemu muhimu ya bidhaa za kampuni huko mbeleni. Watumiaji walisoma neno hilo muhimu mara mbili ndani ya mwaka mmoja, wakasubiri mwaka mwingine, na tangu hapo hupata wasiwasi kila kampuni inapokisifu kifaa wanachokitumia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Toleo la 2018, lililotangazwa mjini Brooklyn, lilirudisha mengi yaliyotwaliwa: prosesa zilikuwa za viini vinne au sita, na kumbukumbu iliweza tena kubadilishwa, ingawa kampuni ilipendekeza kazi hiyo iachiwe fundi aliyeidhinishwa. Lilirudisha pia hesabu za kugawanya, kwa sababu bei ya kuanzia ilipanda kutoka dola 499 hadi 799 huku hifadhi ya daraja la chini ikishuka kutoka gigabaiti 500 hadi 128. Ni kweli kwamba hifadhi mpya ilikuwa ya SSD, isiyo na sahani inayozunguka na yenye kasi isiyolinganishwa na ile diski ya zamani, lakini mtu mwenye picha za gigabaiti 300 hawezi kuziingiza katika gigabaiti 128 kwa kuziharakisha.

Mtindo huo wa kutoa kwa mkono mmoja na kutwaa kwa mwingine ndio msingi wa shaka inayowasilishwa hapa, na umedumu hata katika kipindi cha chipu zinazobuniwa na kampuni yenyewe, ambacho hakuna mtumiaji mwenye akili timamu anayekana kwamba kimeleta mashine nzuri. Chipu ya M1 ya 2020 ilipunguza bei hadi dola 699 na kuongeza kasi kwa kiwango kilichowaduwaza hata wakosoaji, lakini kikomo cha kumbukumbu kilishuka kutoka gigabaiti 64 hadi 16, na matundu ya Thunderbolt, yale ya kuunganishia vifaa vya kasi kubwa, kutoka manne hadi mawili. Toleo la M2 la 2023 lilishuka hadi dola 599, kisha wapimaji wakagundua kwamba daraja la gigabaiti 256 lilikuwa na kipande kimoja cha hifadhi badala ya viwili, hivyo kasi yake ya kusoma data ikawa takriban nusu ya ile ya M1. Ama toleo la M4 la Oktoba 2024, lilipunguza umbo hadi sentimita 12.7 kila upande na kuanza na kumbukumbu ya gigabaiti 16 bila nyongeza ya bei, jambo jema kiasi cha kutia hofu, na kweli watumiaji walipolichunguza walikuta matundu ya USB ya umbo la zamani yameondoka yote na kitufe cha kuwashia kimehamia chini ya kompyuta, kwenye kona ya nyuma, mahali panapofikiwa kwa kuinua upande mmoja kidogo na kupapasa.

Kuhusu kitufe hicho, uongozi ulieleza kwamba watu wengi huwa hawazimi kompyuta zao. Maelezo hayo yanaingia akilini pale ambapo umeme nao hauzimwi. Kompyuta ya mezani haina betri, na mtumiaji wa Dar es Salaam au Nairobi, ambaye umeme wake hukatika bila kumwomba ruhusa, anafahamiana na kitufe cha kuwashia kuliko anavyotaka. Ni haki kuongeza kwamba upo mpangilio unaoiamuru kompyuta ijiwashe yenyewe umeme unaporudi, nao ni miongoni mwa mambo machache ambayo kampuni haijayatoza. Na mtumiaji huyo akienda kwa fundi wa Kariakoo au wa Luthuli kuomba aongezewe RAM, kama alivyofanyiwa kwenye kompyuta zake za awali, fundi ataigeuza mara moja, ataiweka chini, na kumshauri anunue nyingine.

Kunahitajika pia maelezo kuhusu bei, hasa kwa wale wanaoamini kwamba Mac mini ya M4 iliuzwa dola 599. Bei hiyo ilikuwa ya mlangoni. Kupandisha kumbukumbu kutoka gigabaiti 16 hadi 24 kulitozwa dola 200, na hadi 32 dola 400. Kupandisha hifadhi kutoka gigabaiti 256 hadi 512 dola 200, na hadi terabaiti moja dola 400. Aliyechagua vya juu katika safu hizo mbili alijikuta kwenye dola 1,399, ambayo ndiyo iliyokuwa bei kamili ya kuanzia ya toleo kubwa lenye chipu ya M4 Pro, na hapo akaanza kujiuliza kama hafai kuchukua hilo, lenye chipu bora lakini kumbukumbu na hifadhi pungufu, ambazo nazo zilikuwa na ngazi zake za dola. Wachumi wangeuita mpangilio huu upangaji wa bei kwa madaraja, na kwa ustadi wake watumiaji wanaupongeza kwa dhati, kwa kuwa ni nadra mtu kuuziwa kitu cha bei nafuu kwa gharama kubwa namna hii huku akishukuru.

Kwa kuzingatia hayo yote, watumiaji wanaahidi kwamba katika toleo lijalo hawatategemea hifadhi iongezwe bila malipo, hawatauliza kwa nini tundu moja zaidi limepotea, na hawatashangaa kitufe kikihamishiwa ndani. Wanaomba jambo moja tu, kwamba kifaa hiki kisitajwe tena hadharani kuwa muhimu.

Wenu katika kungoja,

Watumiaji wa Mac mini

Nakala: Fundi yeyote mwenye bisibisi inayofaa
Nakala: Wamiliki wa toleo la 2012 la viini vinne, kwa taarifa na pongezi