Hotuba Kuu Kuhusu Prosesa Inayochemka

Waheshimiwa wenye kompyuta za mezani wa Itebero, na ninyi mliokuja kwa sababu mlisikia kutakuwa na soda: anayesimama mbele yenu ni Daktari Bingwa wa Joto la Mashine, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kukosa mpinzani. Nina dai moja tu. Prosesa inapochemka hadi kompyuta ikazimika katikati ya barua, karibu kila mara prosesa haina kosa. Joto limezaliwa kihalali. Limekosa njia ya kutoka.

Prosesa ya kawaida ya wati 65 hugeuza karibu umeme wote inaokula kuwa joto, tena katika kipande kidogo cha silikoni. Joto hilo sharti lipite kwenye kifuniko cha chuma, kisha kwenye ule uji wa kupitishia joto, kisha kwenye mapezi ya alumini ya kipoza, ndipo feni ilifukuze. Likikwama popote, yanakuwa yale ya malori kwenye barabara ya taifa namba 3 wakati wa mvua: la kwanza likizama topeni, yote ya nyuma yanalala njiani. Sasa sikilizeni utaalamu. Washeni mashine, ingieni kwenye mipangilio ya BIOS, tazameni nyuzi za joto la prosesa. Zikiruka hadi 90 ndani ya dakika moja, kipoza hakiigusi prosesa sawasawa: uji umekauka, au mmoja wa miguu minne ya plastiki inayokibana umechomoka. Kompyuta iliyosafiri hadi Itebero imefungwa nyuma ya pikipiki ina kila haki ya kuchomoka mguu. Zikipanda taratibu, shukuni hewa. Vumbi na masizi ya makaa hushikamana chini ya feni, juu ya mapezi, mahali pasipoonekana mpaka feni ifunguliwe. Hapo ndipo mafundi wasio na cheo kama changu hudanganyika: wanaona feni inazunguka, wanaridhika, kumbe hewa haipiti.

Namwona mzee pale nyuma anataka kusema ni joto la msitu. Baba, unisamehe: hewa ya hapa haifiki nyuzi 40, na prosesa nyingi huanza kujilinda zikikaribia 100. Mwingine atailaumu jenereta. Umeme wake mchafu huua pawasaplai, sikatai, lakini prosesa hupokea takriban volti moja, iliyokwisha kuchujwa na ubao mama. Kijana wa mbele anasema virusi. Kweli, programu ya siri huweza kuikimbiza prosesa bila kupumzika, ila kipoza kizima kimeundwa kubeba mzigo huohuo. Virusi hufichua ubovu uliokuwapo. Na wapo wanaohofia kwamba bati lililochomelewa ubaoni, ambalo huenda madini yake, kasiterite, yalichimbwa Bisie hapahapa Walikale, litayeyuka. Bati safi huyeyuka kwenye nyuzi 232. Mashine itakuwa imejizima zamani.

Hoja inayoninyima usingizi ni ya wale wanaofungua ubavu wa kasha na kuelekezea feni ya nyumbani ndani, maana inasaidia. Nakubali, kwa uchungu. Lakini inasaidia kwa sababu ileile niliyoitaja: joto limepewa mlango. Tatizo ni kwamba mlango huohuo unakaribisha vumbi, na baada ya muda mapezi yanaziba kuliko mwanzo.

Basi zimeni, chomoeni waya, fungueni feni, msugue mapezi kwa brashi ya rangi iliyo kavu. Ng'oeni kipoza, panguseni uji wa zamani kwa spiriti, wekeni mpya kiasi cha punje ya mchele, kirudisheni na kukandamiza miguu yote minne mpaka kila mmoja ulie ta! Nyuzi zikigoma kushuka hata hapo, ndipo mnaruhusiwa kuagiza prosesa nyingine kutoka Goma au Bukavu. Maswali yaletwe kwa maandishi, pamoja na malipo.